Historia ya Masomo ya Kompyuta na Kiingereza Miongoni Mwetu, Tangu Kashikishi Hadi Mantapala



Toleo hili ni la kumbukumbu. Wenzetu wameandika juu ya safari, juu ya mashamba, na juu ya wale tuliowazika njiani. Sisi tumepewa jambo ambalo huenda mtu akaliona dogo, nalo ni jinsi watu wetu walivyojifunza kompyuta wakati Kiingereza chenyewe walikuwa hawajakijua. Tumekubali kuliandika kwa sababu katika kamati upo ubishi ambao haujaisha. Upande mmoja unasema mwanafunzi ashinde kwanza mtihani wa Kiingereza, ndipo aguse mashine. Upande wa pili unasema aguse mashine leo, na Kiingereza kitamjia hapo hapo mezani. Sisi tunaoandika tulikuwa wa upande wa kwanza, tena ndio tulioitunga kanuni ile ya mtihani. Tulikosea, na hapana budi tueleze tulivyokosea.

Habari inaanzia Kashikishi. Wenyeji wa Nchelenge wanaujua mji huu kwa soko lake la samaki, kwa maboti yanayokwenda visiwa vya Kilwa na Chisenga (Kilwa ya kisiwani, si ile ya Kongo ng'ambo ya ziwa), na kwa hospitali ya misheni ya St. Paul's. Kwa wengi wetu tuliotoka Pweto, Moba na vijiji vya upande wa pili wa Ziwa Mweru, Kashikishi ulikuwa mji wa kwanza wa Zambia tuliouona wenye duka, taa na ofisi. Vita vilivyoanza mwaka 1998 vilipoingia kwetu Katanga, watu wakaanza kuvuka. Mwaka 1999 ikafunguliwa kambi ya Mwange katika wilaya ya Mporokoso, na mwaka 2000 kambi ya Kala katika wilaya ya Kawambwa. Desemba 2000 Pweto ilipoanguka, watu walivuka kwa maelfu katika siku chache, raia na askari pamoja.

Basi pale Kashikishi, karibu na soko, alikuwapo mtu mwenye taipureta chini ya mwavuli. Aliyetaka kuandika barua kwa ofisi yoyote, iwe ni kumtafuta mtoto aliyepotea au kuomba ruhusa ya kusafiri, alikwenda kwake, maana barua isiyo ya Kiingereza haikusomwa. Tulisema kwa Kiswahili au kwa Kibemba, yeye akapiga kwa Kiingereza, nasi tukatia sahihi karatasi ambayo hatukuweza kuisoma. Wengine walikuja kugundua baadaye kwamba barua ilisema kitu kingine kabisa. Hatusemi alifanya kwa ubaya, labda hakutuelewa. Lakini mtu mzima, mwalimu aliyekwisha kufundisha miaka kumi, kutia sahihi maneno asiyoyajua ni aibu ambayo hata sasa hatujaisahau.

La ajabu ni kwamba miongoni mwetu walikuwako waliojua kupiga chapa kuliko yeye. Shule za sekondari za Kongo zina mkondo wa biashara na utawala, na humo mwanafunzi hufundishwa kile tulichokiita "dactylo", yaani kupiga mashine kwa vidole kumi bila kutazama. Mmoja wetu alikuwa karani huko kwetu. Siku moja alimwomba yule bwana amwachie mashine apige barua yake mwenyewe kwa Kifaransa, angalau atunze nakala. Akakaa, akanyosha vidole, akapiga haraka kama zamani. Alipotoa karatasi, jina la mji likasomeka "Kqshikishi". Neno "wilaya" likawa "zilqyq". "Mama" akawa ";q;q". Na mwaka 1999 ukatoka hivi: "!(((". Watu wakacheka, naye akadhani mashine ni mbovu.

Mashine haikuwa mbovu. Mpangilio wa herufi unaotumika katika nchi za Kiingereza unatokana na Mmarekani Christopher Latham Sholes, ambaye mashine yake ilianza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874, na safu yake ya juu inaanza Q, W, E, R, T, Y. Wafaransa wakawa na mpangilio wao, unaoanza A, Z, E, R, T, Y, na Wabelgiji wakautumia huo na kuuleta Kongo. Tofauti ni ndogo kwa macho lakini kwa vidole ni kubwa. A imekaa mahali pa Q, W mahali pa Z, M imesogezwa kando ya L penye nukta na mkato wa Waingereza, na tarakimu hazipatikani mpaka ubonyeze kitufe cha herufi kubwa. Mwingereza akihamia mpangilio wa Kifaransa huumia kiasi. Mswahili huumia zaidi, kwani tazama maneno yetu yalivyojaa herufi A! Karibu kila neno linapata Q, herufi ambayo Kiswahili hakina kazi nayo.

Tumelieleza hili kwa kirefu kwa kuwa baadaye, katika madarasa, tuliona watu wazima wenye ujuzi wakihesabiwa kuwa wajinga kwa sababu ya vidole vyao. Kijana ambaye hajawahi kugusa mashine yoyote alijifunza upesi kuliko karani wa miaka kumi na mitano, kwa maana karani alikuwa na kazi mbili, kusahau na kujifunza. Walimu wetu Wazambia, ambao tunawaita ba ticha kwa heshima, hawakujua kama kuna kibodi nyingine duniani. Walisema tu, "Mzee huyu hawezi."

Katika Kala na Mwange, ambako kila kambi ilifika watu zaidi ya 20,000, mambo ya kompyuta yalikuwa ya ofisini tu. Wengi wa watoto wetu walisoma kwa mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, maana nia ilikuwa kurudi, na hatulaumu uamuzi ule. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba aliyejua Kiingereza kidogo ndiye aliyepata kazi ya ukarani, ndiye aliyekaa karibu na kompyuta, na ndiye aliyejua jina la nani limo katika orodha na la nani limekosewa. Na majina yalikosewa sana. Palikuwa na ofisi moja ambayo tarehe za kuzaliwa za watoto ziligeuzwa, mwezi ukawa siku na siku ikawa mwezi, kwa sababu kompyuta ilikuwa imepangwa kwa desturi ya Kimarekani, inayotanguliza mwezi. Mtoto aliyezaliwa tarehe 5 Septemba akawa wa tarehe 9 Mei. Mzazi alipolalamika aliambiwa, "Kompyuta ndiyo inavyosema." Toka hapo tukafundishana kuandika mwezi kwa herufi, si kwa tarakimu, na tunawaomba wasomaji waendelee hivyo. Vivyo hivyo nusu kilo: sisi kwa desturi ya Kifaransa tunaandika 12,5 kwa mkato, wao wanaandika 12.5 kwa nukta, na kompyuta iliyopangwa kwa Kiingereza haichukui mkato wetu kama tunavyokusudia. Katika orodha ya mgao jambo hili si la mchezo.

Kurudishwa nyumbani kulianza mwaka 2007, na mwaka 2010 kambi zote mbili zikafungwa. Waliobaki walipelekwa Meheba, huko Kaskazini-Magharibi. Miaka ile ndiyo wengi wetu tulipogusa kompyuta kwa mara ya kwanza, wengine katika vyumba vya intaneti vya Lubumbashi, wengine Meheba, wengine hapa hapa Luapula.

Hapa tueleze habari ya yale maneno tisa. Zamani, katika programu ya kuandikia ya Microsoft Word, juu ya ukurasa palikuwa na mstari wa maneno tisa: File, Edit, View, Insert, Format, Tools, Table, Window, Help. Kwa mtu asiyejua Kiingereza maneno tisa ni mzigo unaobebeka. Walimu wetu wa kwanza walifundisha kwa kuhesabu: "Nenda neno la kwanza, shuka mpaka mstari wa tano, bonyeza." Wanafunzi waliandika hatua hizo katika madaftari, nao wakafanya kazi kweli, barua zikatoka. Hakuna aliyewafundisha maana ya neno hata moja. Mwaka 2007 Microsoft ikatoa toleo jipya, na ule mstari ukaondolewa, mahali pake pakawekwa utepe wa picha na vitufe. Mashine mpya zilipotufikia huku, madaftari yale yakawa hayana faida tena. Aliyekuwa amejifunza kwamba "Insert" maana yake ni kuingiza kitu, aliitafuta akaipata mahali pengine. Aliyekuwa amejifunza "neno la nne" alikaa mbele ya kioo kama mgeni. Tuliwaona watu wakiacha kabisa.

Kwa sababu hiyo, tulipovuka tena, wengine wetu kwa mara ya pili maishani, kuanzia mwishoni mwa Agosti 2017, tukapitia Kenani, na Januari 2018 tukaanza kuhamishiwa makazi haya ya Mantapala, tulikuwa na fikra moja kichwani: Kiingereza kwanza. Tulijiambia kwamba kosa la zamani lilikuwa kufundisha vidole bila lugha. Tena watoto walikuwa sasa katika shule za mtaala wa Zambia. Kiingereza kimekuwa lugha ya masomo ya nchi hii tangu miaka ya 1960, na ingawa mtaala wa mwaka 2013 uliruhusu lugha za wenyeji katika madarasa ya kwanza hadi la nne, lugha hiyo kwa mkoa wa Luapula ni Kibemba. Mtaala huo huo ndio uliofanya somo la kompyuta kuwa la lazima katika darasa la 8 na la 9. Basi kijana wetu aliyefika darasa la sita huko Kongo kwa Kifaransa alirudishwa nyuma kwa ajili ya Kiingereza, na huko mbele alisubiriwa na somo la kompyuta, kwa Kiingereza hicho hicho, mara nyingi katika shule isiyo na umeme.

Tulikodi chumba Kashikishi kwa kuwa kule upo umeme wa ZESCO. Mashine zilikuwa kuukuu na chache, benchi mbili. Wanafunzi walikwenda kwa baiskeli wakiwa na karatasi za ruhusa ya kutoka. Nafasi zikiwa chache, tukaweka mtihani: imla ya Kiingereza na maswali machache. Aliyeshinda akaingia.

Matokeo yake tuliyaona upesi, ila tulikawia kuyakiri. Walioingia ni wale waliokuwa tayari na elimu, karibu wote wanaume vijana. Akina mama walianguka. Wazee walianguka. Walioanguka waliambiwa wakasome Kiingereza kwanza, nao wakaenda katika darasa la jioni ambako walirudia "This is a table" mbele ya meza ambayo waliijua tangu utotoni. Baada ya wiki chache hawakuonekana.

Aliyetuamsha ni mama mmoja muuza samaki. Alikuwa ameanguka mara mbili. Alimfuata mwalimu akamwambia kwa upole, "Mwalimu, simu yangu inasema nami Kiingereza kila siku. Napokea pesa, natuma pesa, naangalia salio. Sijapoteza hata kwacha moja. Mtihani wako unanikataza nini?" Mwalimu hakuwa na jibu, wala sisi alipotuletea habari hiyo. Mama yule alisoma menyu ya Kiingereza kwa makini kuliko vijana wetu walioshinda imla, maana yeye akikosea neno moja fedha zake zinaondoka.

Ndipo tukageuza. Mtihani tukauondoa, zamu za mashine tukazipanga kwa kura. Kila somo likawa na walimu wawili. Asubuhi mwenzetu alifundisha kwa Kiswahili, lakini neno la kwenye kioo aliliacha kama lilivyo. Mchana ba ticha alilichukua neno lile lile akalitia katika sentensi. "Open" ya faili ikawa "Open the door". "Cut" ikawa ya kitambaa, kisha ya aya. Lililotupa taabu na kicheko ni "Save". Wengi walilijua kanisani kuwa ni kuokoa, na mzee mmoja aliuliza kwa dhati kabisa barua imefanya dhambi gani. Lakini hakuisahau tena, na siku umeme ulipokatika ghafla na kazi za wenzake zikapotea, ya kwake ilikuwa imekwisha kuokolewa.

Wapo waliotuuliza kwa nini tusitumie maneno ya Kiswahili moja kwa moja. Si kwamba hayapo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux pamoja na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa mwaka 2004 programu ya ofisi iliyoitwa Jambo OpenOffice, ambamo menyu zote ni za Kiswahili, na Microsoft nayo ikafuata kwa kutafsiri zake. Ni kazi kubwa, nasi tunaiheshimu. Ila mashine zilizotufikia zilikuja na Kiingereza, mtihani wa shule ni wa Kiingereza, na maneno kama "kabrasha" kwa watu wetu wa Katanga yalikuwa mageni sawa na "folder". Tena si wote hapa ni Waswahili. Wenzetu wa Pweto wengi wanasikia Kibemba na Kitabwa kwanza, na palikuwa na siku walipolalamika kwamba tumewatoa kwenye lugha moja ngeni na kuwatia kwenye nyingine. Walikuwa na haki. Tangu siku ile mwalimu wa asubuhi anachanganya, na hatuna jibu lililo zuri zaidi.

Ndugu zetu wa kambi ya Dzaleka, Malawi, walikutana na mlango huo huo. Mwaka 2010 Wajesuiti walianzisha huko, na pia Kakuma nchini Kenya, masomo ya chuo kwa njia ya intaneti, na waliomaliza walipata diploma ya Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani. Masomo yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo Mkongo au Mrundi aliyesoma kwa Kifaransa alianza kwa kukitafuta Kiingereza. Kwa chuo hatuoni njia nyingine. Kosa letu lilikuwa kuweka kizingiti cha chuo kwenye mlango wa chumba cha benchi mbili.

Tusijisifu mno. Njia mpya nayo ina upungufu wake. Wako waliotoka wakipiga barua safi ya Kiingereza lakini ukiwasalimu kwa Kiingereza wanatazama chini. Wako waliobaki kwenye maneno ya menyu. Na kuna ule mstari mwekundu, ambao Word inauchora chini ya neno isilolijua. Wanafunzi wa kwanza waliufuta kwa kukubali chochote mashine iliyopendekeza, na tulipata barua ya maombi ambayo jina la mwombaji mwenyewe lilikuwa limegeuzwa kuwa neno la Kiingereza. Sasa somo la pili, mara baada ya kuwasha na kuzima, ni jina lako: uliandike, uone mstari mwekundu, na uambie mashine iliongeze katika kamusi yake.

Linalotusumbua zaidi leo ni simu. Google ilianza kutafsiri Kiswahili mwaka 2009, na vijana wanaandika kwa Kiswahili, wanabonyeza, Kiingereza kinatoka, wanapeleka kuchapishwa Kashikishi, wanatia sahihi. Hivi karibuni kijana alituletea barua ya namna hiyo ya kuomba nafasi ya shule. Tulimwomba atusomee aya ya pili na kutueleza maana yake. Hakuweza. Tukamkumbuka yule bwana wa mwavuli sokoni. Upande wa mtihani umetumia jambo hili kama hoja, kwamba bila Kiingereza kwanza tunalea watu wa kutia sahihi wasichokijua. Sisi tunasema kijana yule hakuhitaji kufukuzwa kwenye mashine. Alihitaji mtu wa kukaa naye mbele ya barua ile ile, sentensi kwa sentensi, mpaka awe anaweza kuikataa. Alikaa siku mbili. Sentensi tatu alizifuta, maana zilikuwa hazisemi alichotaka. Moja aliiandika upya yeye mwenyewe, na ina makosa.

Kamati itaamua. Kwa sasa zamu ijayo inafunguliwa Desemba, ziwa linapofungwa kwa wavuvi hadi mwisho wa Februari na watu wanapokuwa na nafasi. Umeme Kashikishi umekuwa wa kukatikakatika, na ukame wa mwaka 2024 ulitufundisha kutoutegemea, kwa hiyo masomo yatapangwa kufuata saa za umeme, hata kama ni usiku. Wanaotaka waandikishe majina kwa wakuu wa bloku. Hakuna mtihani wa kuingia. Waje na kitambulisho, daftari, na barua moja waliyowahi kuitia sahihi bila kuisoma, kama bado wanayo.